Utani huru, kanuni zilizoandikwa au utani wa pembeni: mradi wenu wa programu huria uchukue njia ipi?

Vijana wanaoandika programu huku Mwanza wameongezeka, wapo wa Malimbe pale chuo cha SAUT, wapo wa Nyegezi, wapo waliojifunzia kwenye simu tu wakiwa Igoma au Buswelu, na wengi sa hivi kazi zao wanaziweka wazi GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo (maandishi ya programu), ili mtu yeyote azisome, azitumie na azirekebishe, yaani programu huria. Wakinitafuta huwa wanauliza habari ya leseni, tuchukue MIT au GPL, na hilo mnakaa chini mnalimaliza siku hiyohiyo. Swali ambalo hawaulizi mpaka liwe limeshawaka moto ni hili: humu ndani tutaongeaje? Tutaniane kama kijiweni au tuandike kanuni, na nani atazisimamia?

Njia nilizoziona ziko tatu. Ya kwanza ni kila mtu aseme anachotaka, mwenye ngozi laini akae pembeni. Ya pili ni kanuni za mwenendo zilizoandikwa na watu wa kuzisimamia. Ya tatu ni utani uruhusiwe ila uwekwe mahali pake, anayeutaka aufuate huko huko. Nitazilinganisha, na upande wangu nausema mapema: mradi wowote unaopokea watu usiowajua, chukua ya pili. Lakini ina matatizo yake na sitayaficha.

Tuanze na hiyo ya kwanza manake ndo ina watetezi wengi. Mfano mkubwa ni Linux yenyewe, mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 na kwa miaka mingi alijulikana kwa kufokea watu kwenye barua pepe za wazi ambazo dunia nzima inasoma, mtu akileta kazi mbovu anaambiwa maneno ambayo huku kwetu mtu angevuliwa shati. Mwaka 2013 mhandisi mmoja wa Linux, wa sehemu ya USB 3.0, alimwambia hadharani aache kuwatukana watu, tufanye kazi kwa weledi, na Linus akajibu kwamba yeye anafanyia kazi nyumbani akiwa na joho lake la kuogea, hana mpango wa kuanza kuvaa tai na vilevile hana mpango wa kuanza adabu ya kuigiza. Yule mhandisi baadae aliondoka kwenye kernel, yaani kiini cha Linux, na mwaka 2015 akaeleza wazi kwamba ni kwa sababu ya namna watu wanavyoongeleshana mle.

Watetezi wa njia hii wana hoja na tusiwadharau. Wanasema ukweli mchungu unaokoa muda, kazi mbovu ikisifiwa kwa upole inaingia halafu inaumiza mamilioni ya watu. Na kernel ya Linux kweli imefika mbali, iko ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zinaendeshwa na Linux. Moja ya hasira maarufu za Linus, ile ya Desemba 2012, ilikuwa kuhusu kitu cha maana kabisa, kwamba kernel haitakiwi kuvunja programu za watumiaji hata siku moja. Kiufundi alikuwa sahihi. Ila angalia kilichofuata: mwaka 2018 Linus aliomba radhi, Linux ikachukua kanuni za mwenendo, na ile sheria ya kutovunja programu za watumiaji ipo palepale mpaka leo na inasimamiwa kwa ukali uleule. Kilichoondoka ni matusi. Kwahiyo mtu akikwambia bila kufokeana ubora utashuka, muulize kwa Linux ulishuka wapi.

Sasa kuna hoja ya pili ya njia hii ambayo wenzetu wa Ulaya na Marekani hawana, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu huwa inanikera sana ikitumiwa vibaya. Mtu ataandika kitu cha kudhalilisha kabila au wanawake, ukimwambia anasema "ah kaka, huo si utani tu, sisi Watanzania tunataniana bwana, ni utamaduni wetu". Ni kweli tunao utani, na ni moja ya vitu vizuri sana tulivyorithi. Wangoni na Wahehe walipigana vita karne ya 19 na leo wakikutana wanataniana mpaka machozi. Babu anamuita mjukuu wake mchumba, shemeji kwa shemeji hamna anayepona. Msibani mtani anaweza kusimama mbele ya jeneza akasema haliondoki hapa mpaka nipewe changu, au akavaa koti la marehemu akaiga anavyotembea, na wafiwa wanacheka katikati ya kilio, na hakuna anayemkasirikia kwa sababu ni kazi yake kufanya vile.

Lakini huo utani uangalie vizuri ulivyojengwa. Mtani anajulikana ni nani. Wewe nawe una haki ya kumrudishia, tena pengine zaidi. Una watu wake na wasio watu wake, mjomba mkwe huwezi kumtania hata kwa bahati mbaya. Na mtani anayekutania ndiye huyohuyo anayekuja kuchimba kaburi na kubeba maji siku umefiwa, anakutania kwa sababu ana wajibu kwako. Yaani ni mfumo wenye kanuni nyingi kuliko hata hizo za GitHub, ila hazikuandikwa kwa sababu kila mtu kazipata nyumbani toka mdogo. Kwenye programu huria hamna hata kimoja cha hivyo. Anayesoma mstari wako anaweza kuwa Brazili, anausoma miaka minne baada ya wewe kuuandika, hakujui, hakuoni uso kama unacheka, na hana pa kukurudishia. Kwahiyo kusema "tusiweke kanuni maana tuna utani" ni kuuelewa utani kinyume kabisa.

Nitoe mfano niliouona kwa macho. Kuna vijana wachache walitengeneza programu ya simu ya kurekodi mauzo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, unaandika umeingiza magunia mangapi, umeuza bei gani, nani anadaiwa. Programu nzuri tu, nyepesi, inafanya kazi hata bando likiisha. Sasa wakati bado wanaijaribu wenyewe kwa wenyewe mmoja wao akaweka ujumbe wa kuwachekesha wenzie: ukiandika herufi sehemu ya namba inakujibu "We mshamba wa wapi, hata namba huzijui? Rudi darasa la kwanza." Walicheka kweli, ni marafiki, wamekua wote, neno mshamba wanarushiana asubuhi mpaka jioni. Ujumbe ukabaki mule. Siku wamepeleka programu kwa wachuuzi, mama mmoja mtu mzima mwenyeji wa Ukerewe akapewa simu ajaribu, akaandika "elfu sitini" kwa maneno badala ya 60000, simu ikamjibu hivyo hivyo mbele ya wateja wake wawili. Hakufoka. Alimrudishia kijana simu yake akamwambia "mwanangu, hiki kitu chenu kinanitukana", akafungua kaunta buku lake akaendelea kuandika. Wachuuzi wa meza za jirani nao wakasema hawaitaki.

Na kuufuta haikuwa rahisi kama walivyofikiria. Git, programu wanayotunzia msimbo, inatunza historia yote, ukifuta mstari leo, toleo la jana bado lipo na mtu akilitafuta analiona pamoja na jina la aliyeandika na tarehe. Ukitaka kuufuta kabisa inabidi uandike upya historia ya mradi, na ukifanya hivyo unawavurugia wote waliokuwa na nakala, na waliokwisha kuchukua nakala kwa kazi zao wanabaki nao vilevile. Utani wa kijiweni ukishacheka umeisha, ila huu unakaa mpaka siku mwajiri anakuja kupitia kazi zako.

Kuna na suala la sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina vifungu kuhusu matusi ya kibaguzi na unyanyasaji mtandaoni, kwahiyo utani wa kabila la mtu kwenye mradi wa wazi sio lazima uishie kwenye aibu tu.

Tuje njia ya pili. Kanuni zinazotumika sana ni za Contributor Covenant, zilizoandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, miradi mingi inazichukua kama zilivyo. Zinasema vitu vya kawaida tu, usimtukane mtu, usimbughudhi kimapenzi, usitoe taarifa zake binafsi, na zinasema nani anapokea malalamiko. Debian walipitisha za kwao 2014 hiyohiyo, Ubuntu walikuwa nazo toka miaka yao ya mwanzo kabisa (hii yote ni mifumo ya kompyuta iliyojengwa juu ya Linux). Linux mwaka 2015 walijaribu kwanza kuweka maandishi mafupi mepesi yanayosema kimsingi kwamba tegemea kukosolewa ila ukionewa sema, hayakusaidia sana, ndo Septemba 2018 wakachukua za Contributor Covenant. Wiki hiyohiyo Linus akapumzika, Greg Kroah-Hartman, mwenzake kwenye kernel, akamalizia toleo 4.19, na Oktoba Linus akarudi. Mradi haukufa, haukupasuka.

Faida yake kubwa huioni kwa macho, na ndo maana watu wanaidharau. Ni wale watu ambao hawakuondoka. Mwaka 2017 GitHub walifanya uchunguzi kwa watu wa programu huria, kati ya waliojibu asilimia 95 walikuwa wanaume na 3 tu wanawake. Asilimia 18 walisema wamefanyiwa vibaya wao wenyewe, na nusu nzima walisema wameshuhudia mwenzao anafanyiwa. Na kati ya waliofanyiwa au kushuhudia, asilimia 21 waliacha kuchangia mradi husika. Soma hiyo tena, sio waliotukanwa peke yao, hata waliokuwa wanaangalia tu. Dada mmoja wa Nyegezi akiona mwenzie anaambiwa wanawake na kompyuta wapi na wapi, haandiki malalamiko, anafunga laptopu anaenda kutafuta kazi nyingine, na wewe msimamizi unabaki unasema kwetu hakuna shida hakuna aliyelalamika.

Matatizo yake sasa. La kwanza, kanuni za kunakili. Nimeona miradi kibao ambayo ile sehemu ya kujaza mawasiliano ya kupokea malalamiko imeachwa na mabano yake kama ilivyotoka kwenye kiolezo, hamna jina hamna barua pepe, yaani mtu akionewa hajui aende wapi. Hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na kanuni kabisa kwa sababu inamdanganya. Na zinakuwa kwa Kiingereza wakati watu wenu wanaongea Kiswahili na Kisukuma, hamna hata mmoja aliyezisoma mpaka mwisho.

La pili, adhabu za hadharani. Kwenye PyCon, mkutano wa waandika programu wa lugha ya Python, mwaka 2013 kule Marekani kulikuwa na wanaume wawili wamekaa wananong'onezana vichekesho vya ngono vya kuchezea majina ya vifaa vya kompyuta, dada aliyekaa mbele yao akawapiga picha akairusha Twitter. Waandaaji waliongea nao palepale na kwa upande wao likawa limeisha, ila mtandaoni halikuisha, mmoja wa wale wanaume akafukuzwa kazi, halafu yule dada akashambuliwa kwa vitisho vibaya sana na yeye pia akafukuzwa kazi. Mimi nalichukua hivi: dada alikuwa na haki ya kukerwa, na waandaaji walikuwa na utaratibu unaofanya kazi, kilichoharibu ni kesi kuhamishiwa kwa watu wasiohusika. Utaratibu wa faragha ndo unaowalinda wote, mlalamikaji na mlalamikiwa.

La tatu, kanuni zikiwa za imani ya mtu mmoja zinashindwa kubeba watu wote. SQLite, hii hifadhidata iliyomo karibu kila simu, mwaka 2018 walionekana wameweka Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kama kanuni zao za mwenendo, mpende Bwana Mungu wako na kadhalika. Mwanzilishi wake alimaanisha kabisa na namheshimu kwa hilo, lakini baada ya watu kuuliza wakaibakiza kama maadili yao waanzilishi wenyewe, na kwa jamii wakachukua kanuni za kawaida. Walifanya sahihi. Mwanza tuna Wakatoliki wengi, tuna Waprotestanti wa AIC, tuna Waislamu wengi tu, na mradi ni wa wote hao.

Njia ya tatu, utani wa pembeni. Wazee wa Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani, walikuwa na programu inaitwa fortune, ukiiendesha inakupa msemo au kichekesho. Vile vya kuudhi waliviweka faili tofauti, vimefichwa kwa kuzungusha herufi nafasi 13 ili mtu asivisome kwa bahati mbaya, na ukivitaka lazima uongeze herufi o mwenyewe kwenye amri. Napenda walivyofikiria, wanakuuliza kwanza kabla ya kukurushia. Ila hata hivyo FreeBSD, mfumo mmoja wa ukoo wa Unix, waliishia kuviondoa, manake inafika mahali mnajiuliza kwanini wasimamizi wa mfumo wa kompyuta wanatumia muda wao kutunza matusi.

Kinyume chake ni ule mzaha wa glibc, maktaba ya msimbo ambayo programu za Linux zinaitegemea. Kwenye maelezo ya amri inayoitwa abort, ambayo kazi yake ni kusimamisha programu, Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria, aliweka mzaha miaka ya tisini unaogusa mabishano ya Marekani kuhusu utoaji mimba. Mwaka 2018 mtu akaomba uondolewe, ukaondolewa, Stallman akakataa, ukarudishwa, barua kwa barua. Mimi mzaha wenyewe haunichefui, na nia ya Stallman ilikuwa kupinga serikali kubana uhuru wa kusema. Ila mfikirie kijana yuko Buzuruga anasoma yale maelezo saa sita usiku programu yake imegoma, anakutana na aya kuhusu siasa za Marekani ambayo haijui kichwa wala miguu, anajiuliza kama ni onyo la kweli au vipi. Mzaha ukiwa ndani ya maelezo ya matumizi hausomwi na wenye mzaha tu, unasomwa na kila mwenye shida.

Majina nayo nitayapitia haraka. Kulikuwa na mradi unaitwa Weboob, jina na programu zake ndogondogo nyingi zilichezea sehemu za mwili wa mwanamke, Debian wakabishana kuhusu hilo 2018, mwaka 2021 mradi ukabadilisha jina ukawa woob, na programu ni ileile. GIMP ya kuhariri picha jina lake kwa Kiingereza ni tusi kwa mlemavu, mwaka 2019 kuna watu wakajitenga wakaanzisha Glimpse kwa sababu hiyo, ikafa 2021 kwa kukosa nguvu kazi. Chagua jina ambalo mwalimu wa shule anaweza kulitamka mbele ya wanafunzi, basi.

Sasa wewe uchague ipi. Kama ni watu watatu wanne mnaofahamiana na mradi bado uko kwenye laptopu zenu, taniana tu, hamhitaji kamati, ila utani ubaki WhatsApp au mkikutana mnakula sato, usiingie ndani ya msimbo, wala ujumbe wa kosa, wala maelezo. Kama mmeshaweka wazi na kuna hata mtu mmoja msiyemjua ametuma kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, hapo andikeni kanuni wiki hiyohiyo, msisubiri ugomvi, manake zikiandikwa baada ya ugomvi zinaonekana zimetungwa kwa ajili ya mtu fulani. Kama programu yenu inaenda kwa watumiaji wa kawaida, wachuuzi, manesi, wavuvi, waalimu, pitisheni macho kila ujumbe unaotokea kwenye skrini na mmoja wenu ausome kwa sauti kama anamwambia mama yake mzazi. Na kama mnataka sehemu ya vichekesho, fungueni grupu la pembeni ambalo mtu anajiunga kwa hiari na anatoka bila kuulizwa, na hata huko kabila, dini, jinsia na ulemavu wa mtu viwe mwiko.

Kanuni zenyewe zisizidi ukurasa. Mimi ningeandika kwa Kiswahili hivi: kosoa kazi, usimkosoe mtu. Sema nini kibaya na kirekebishwe vipi. "Hii itakwama namba ikiwa tupu, jaribu kuikagua kwanza" ni ukali tosha, na "nani kakufundisha kuandika hivi" haimfundishi mtu chochote. Mgeni akikosea ajibiwe kama mlivyopenda kujibiwa nyie mkianza. Aliyesema kitu kikamuumiza mwenzie aambiwe inboksi kwanza, afute, aombe radhi, yaishe. Akirudia anapumzishwa mwezi. Akirudia tena anatoka, hata kama ndo anayeandika msimbo mzuri kuliko wote.

Na wapokea malalamiko wawe wawili, angalau mmoja awe mwanamke, na mwanzilishi wa mradi asiwe peke yake kati yao kwa sababu siku nyingine analalamikiwa yeye. Namba zao na barua pepe ziandikwe, wajibu ndani ya siku tatu hata kama ni kusema tu tumepokea tunaangalia, na anayelalamika asilazimishwe kueleza mbele ya grupu zima.

Kama mmeshaanza na mna kanuni zenu za Kiswahili zitumeni hapa chini tuzisome, hasa watu wa Bukoba na Musoma, nataka kuona nyie suala la utani wa makabila mmeliwekaje.